Fizikia ya Mpemba: Maneno Machache juu ya Makala ya Mwanafunzi na Mwalimu

Kati ya maandiko ya watu wa elimu iko namna moja ituvutayo sana sisi walimu, nayo ni kumbukumbu za mtaalamu juu ya mwenzake mwenye akili nyingi asiyefuata desturi za wenziwe. Mwandishi wa kumbukumbu hizo huziweka kando hesabu zake kwa muda, akakaa kama mtu aliyeko barazani jioni, akatueleza jinsi mwenzake alivyosema na alivyocheka, na jinsi alivyowashangaza wakubwa kwa maswali yake. Msomaji asiyejua hesabu hupata humo nafasi ya kuingia katika nyumba ya elimu, ingawa ni kwa mlango wa uani.

Wasomaji wetu wengine wamesikia habari za Richard Feynman, Mmarekani (1918–1988), mtaalamu wa fizikia, yaani elimu ya joto na mwanga, nguvu na mwendo. Mtu huyu alipenda kupiga ngoma. Naye alipokuwa Los Alamos katika kazi ya bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, alijifunza kufungua makasha ya chuma yaliyowekwa siri, apate kuonyesha ya kuwa siri zile hazikulindwa vema. Mwenzake, Freeman Dyson, alisafiri naye kwa motokaa mwaka 1948 kutoka Cleveland hata Albuquerque, akaiandika safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1979. Twamsoma Dyson kwa furaha, maana alimpenda rafiki yake wala hakumwonea wivu. Mwaka 1965 Feynman alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Schwinger na Tomonaga. Dyson, ambaye mwaka 1949 alionyesha ya kuwa njia za watu hao watatu ni njia moja, hakupewa.

Lakini katika kumbukumbu za namna hiyo mara nyingi twakosa kitu kimoja. Yule mwenye akili hatumsikii ila kwa kinywa cha mwenzake. Tena wote wawili huwa ni watu wa daraja moja, wenye vyuo na vyeo, hata vituko vya mmoja huonekana kuwa ni mapambo tu, maana havimponzi kitu. Je, kijana asiye na cheo cho chote, akiwa na akili zisizofuata desturi, nani atamwandikia kumbukumbu? Na yeye mwenyewe atasemea wapi?

Swali hili lilipata jibu katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1969, katika gazeti la Physics Education lipigwalo chapa Uingereza kwa ajili ya walimu wa fizikia, yalitokea makala mafupi, kurasa nne tu, yenye kichwa cha neno moja la Kiingereza, "Cool?", ambalo twaweza kulifasiri "Baridi?" Waandishi wake ni wawili: Erasto Mpemba, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kuhifadhi wanyama pori karibu na Moshi, na Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wengi wamesikia habari yenyewe kwa kupokezana, lakini walioyasoma makala ni wachache. Kwa sababu hiyo twataka kuyapima hapa, tuseme uzuri wake na upungufu wake, na jinsi yanavyotuhusu sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru.

Yaliyomo ni haya. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa darasa la kumi na moja, yaani kidato cha tatu, katika shule ya sekondari ya Magamba, upande wa Tanga. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika friji. Nafasi katika friji ilikuwa haba. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, akamwona mwenziwe akitia ya kwake mbichi, bila kuyachemsha, apate kuwahi nafasi. Mpemba akaona ya kuwa akingoja yapoe atakosa chombo cha mwisho, basi akayatia ya moto vivyo hivyo, ingawa alijua ya kuwa huenda akaiharibu friji. Baada ya saa moja na nusu walirudi, wakakuta maziwa ya Mpemba yameganda, na ya mwenziwe bado ni mazito tu.

Akamwuliza mwalimu wake sababu, akaambiwa ya kuwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kuwa. Akaamini. Baadaye, wakati wa likizo, rafiki yake mmoja mjini Tanga, aliyekuwa akiuza aiskrimu, alimwambia ya kuwa yeye hutia mchanganyiko wa moto kwa sababu huganda upesi. Mpemba akaendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika kwenye somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko naye alikataa, na kijana alipozidi kushindana, mwalimu akasema ya kuwa hiyo si fizikia ya ulimwengu bali ni fizikia ya Mpemba. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu aliambiwa ya kuwa hiyo ni hesabu ya Mpemba, na darasa zima likaidaka dhihaka hiyo.

Kijana hakuacha. Alasiri moja alikuta maabara ya elimu ya viumbe iko wazi na mwalimu hayumo. Akatwaa vyombo viwili vidogo vya kioo, kimoja akakitia maji ya bomba, cha pili maji ya moto, akaviweka katika friji. Alipovitazama baada ya saa moja, kile cha maji ya moto kilikuwa na barafu zaidi. Kisha Dr. Osborne akaja shuleni kusema na wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya nchi, na wakati wa maswali Mpemba akasimama akauliza swali lake. Wenziwe wakacheka, kesho yake wakamwambia ya kuwa amewaaibisha. Mgeni hakucheka. Alimwuliza kama amejaribu mwenyewe, akaambiwa ndiyo. Ndipo akasema ya kuwa hajui, lakini atakaporudi Dar es Salaam atalijaribu jambo hilo.

Sasa na tuyapime makala yenyewe.

Kwanza, mpango wake. Osborne ndiye mwenye digrii, lakini jina lililotangulia ni la Mpemba, na sehemu ya kwanza ni ya Mpemba mwenyewe, kwa maneno yake. Mwalimu aja nyuma. Ingekuwa rahisi, na desturi ingemruhusu, Osborne aandike peke yake, kisha amshukuru "mwanafunzi mmoja wa Iringa" katika mstari wa mwisho. Ni kazi ngapi za wataalamu ambamo watu wa nchi hizi wametajwa hivyo tu, au hawakutajwa kabisa! Kwa kumtanguliza kijana, makala haya yalipita kumbukumbu nyingine zote tulizozitaja, maana aliyedhaniwa kuwa amechanganyikiwa asema mwenyewe mbele ya walimu wa fizikia wa nchi nyingi.

Pili, lugha ya Mpemba. Asema wazi, bila mapambo. Hajifanyi kuwa mtu mkubwa. Ataja hata yale yasiyompa sifa: ya kuwa alitaka kuwahi nafasi, ya kuwa aliihatarisha friji, ya kuwa mara ya kwanza aliamini alipoambiwa amechanganyikiwa. Wale walimu waliomkataa hawataji majina, wala hawatukani. Aeleza waliyosema, basi. Sisi twaona ya kuwa hapo ana adabu kuliko waliomcheka, na habari yake yapata nguvu zaidi kwa sababu hiyo. Msomaji mwenyewe ndiye ahukumuye.

Juu ya dhihaka hiyo tuna neno. Watu wa Uluguru wanajua sana kutaniana. Koo zetu zina watani wao, na mtani aweza kumwambia mtu maneno mazito hata matangani, pasiwe na ugomvi. Lakini utani una sheria zake. Mtani naye hutaniwa. Anayekucheka leo anao wajibu wa kukuzika kesho. Mwalimu amchekaye mwanafunzi hakai katika sheria hiyo, kwa sababu mwanafunzi hana ruhusa ya kumrudishia. Neno la mwalimu laenda upande mmoja tu, kama jiwe litupwalo kutoka mlimani. Basi mtu asituambie ya kuwa "fizikia ya Mpemba" ilikuwa utani. Hata hivyo jina hilo lilimgeukia aliyelitoa, maana leo wataalamu wa dunia nzima huliita jambo lile Athari ya Mpemba.

Tatu, sehemu ya Osborne. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hajitii uhodari. Akiri ya kuwa moyoni alidhani kijana amekosea. Lakini akakumbuka ya kuwa mwanafunzi apaswa kutiwa moyo wa kuuliza, na ya kuwa mambo ya kila siku si mepesi kama yaonekanavyo. Wazee wetu husema, ukubwa ni jalala. Mtu mzima hana budi kupokea yote yaletwayo kwake, ndipo achague. Osborne alilipokea swali ambalo darasa zima lililiona kuwa ni takataka, akalichukua mpaka Dar es Salaam.

Tena atueleza habari moja ya kuchekesha yenye mafunzo. Alimwagiza fundi kijana wa maabara alijaribu jambo lile. Fundi akarudi na habari ya kuwa ni kweli, maji yaliyoanza na moto yaliganda kwanza. Lakini akaongeza ya kuwa watazidi kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sawa! Hebu tufikiri. Fundi huyo alikuwa ameona kwa macho yake, naye alikuwa tayari kuyakana macho yake kwa ajili ya kitabu. Osborne hamdharau kwa hilo. Aiweka habari hiyo pale ili sisi tujitazame.

Mji wa Dar es Salaam hunywa maji ya mto Ruvu, na Ruvu hutoka katika milima yetu. Huenda basi hata maji yaliyogandishwa katika maabara ile yalishuka kwanza katika misitu ya Uluguru. Hatujivunii jambo hilo, lakini yafaa watoto wetu walijue.

Nne, elimu yenyewe. Kabla ya kuwalaumu wale walimu wawili yafaa tuwatetee, maana hoja yao haikuwa ya kijinga. Walifikiri hivi: watu wawili waenda Morogoro mjini kwa mwendo mmoja, mmoja atoka Mzumbe, wa pili atoka Mgeta. Yule wa Mgeta hana budi kupita kwanza karibu na Mzumbe, na wakati huo mwenziwe amekwisha tangulia. Atafikaje kwanza? Kadhalika maji ya digrii 100, kabla ya kuganda, hayana budi kupita kwanza katika digrii 35. Na yale yaliyoanza hapo yamekwisha tangulia.

Hoja hii ina nguvu. Kosa lake ni kudhani ya kuwa msafiri wa Mgeta afikapo Mzumbe ni sawa kabisa na yule aliyeondoka Mzumbe. Huenda njiani amepunguza mzigo, na miguu yake imekwisha pata mwendo. Maji yaliyokuwa ya moto yamepungua kwa mvuke. Hewa iliyokuwamo imetoka. Nayo yanazunguka ndani ya chombo, ya moto yakipanda juu na ya baridi yakishuka. Basi maji ya moto yaliyopoa mpaka digrii 35 si lazima yawe na hali ile ile ya maji yaliyokuwa digrii 35 tangu mwanzo.

Osborne alijaribu kutenga sababu hizi. Alitumia maji yaliyokwisha chemshwa karibuni katika vyombo vyote, ili hewa isiwe sababu. Aliweka vyombo juu ya povu gumu lisilopitisha joto, ili mtu asiseme ya kuwa chombo cha moto kiliyeyusha barafu iliyo chini yake kikashikamana vizuri zaidi na friji. Kisha alitia mafuta kidogo juu ya maji, akaona ya kuwa kuganda kwachelewa sana. Kwa hiyo alifahamu ya kuwa joto lilitoka zaidi kwa juu, na ya kuwa maji yaliyoanza na moto huendelea kuwa na joto zaidi juu kuliko chini, hata yakalitoa upesi. Kila mama aliyewahi kupooza uji wa mtoto ajua ya kuwa uji uliofunikwa hukawia, na ulio wazi katika bakuli pana hupoa upesi. Osborne alilipima jambo ambalo jikoni hujulikana.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa tuseme na upungufu, maana kusifu tu si kazi ya mhakiki.

Upungufu wa kwanza ni wa neno "kuganda". Mpemba alitazama maziwa yaliyoganda yote. Katika maabara Osborne alihesabu muda mpaka barafu ya kwanza ionekane. Haya si jambo moja. Sisi wenye Kiswahili tungeliweza kulitambua mapema, kwa sababu lugha yetu hutufundisha kuuliza, kuganda gani? Maziwa mgando hayana barafu. Mafuta huganda asubuhi ya Julai katika vijiji vya mlimani. Damu nayo huganda mwilini. Makala hayakuutenga mpaka huu vya kutosha, na wataalamu waliofuata walibishana miaka mingi, wengine wakipima mwanzo wa barafu, wengine mwisho wake.

Upungufu huo ulizaa matunda yake. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilifanya shindano la kutafuta maelezo ya jambo hili. Watu zaidi ya 22,000 waliingia, na Mpemba mwenyewe ndiye aliyemtangaza mshindi, Nikola Bregović wa Kroatia. Lakini mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya, wakipima muda wa maji kufika digrii 0, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha ya kuwa maji ya moto hutangulia. Tena wakaonyesha ya kuwa kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini, jibu laweza kugeuka. Wengine wakawajibu ya kuwa kufika digrii 0 siko kuganda. Kisha mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada walitumia chembe ya kioo isiyoonekana kwa macho, si maji ya kugandisha, wakathibitisha ya kuwa katika hali maalumu kitu kilichoanza na joto zaidi chaweza kweli kupoa upesi kuliko kilichoanza na joto kidogo. Basi shauri la chembe limekwisha onekana. Shauri la maji bado lina wagomvi wake.

Upungufu wa pili ni wa watu waliosahauliwa. Yule rafiki wa Tanga, muuza aiskrimu, alilijua jambo hili kabla ya chuo kulipima, naye alilitumia kwa faida yake. Hana jina katika sifa. Kweli hata Aristotle wa Uyunani wa kale alikwisha liandika, na Bacon na Descartes wakalitaja katika karne ya 17. Lakini hao wana vitabu vyao vya kuwatetea. Wauza aiskrimu, wapishi, na akina mama waliouza maziwa hawana. Twasema hivi si kwa kumpunguzia Mpemba heshima yake. Mchuuzi alijua ya kuwa ni hivyo, akaridhika. Mpemba aliuliza kwa nini ni hivyo, wala hakuridhika. Tofauti ni kubwa. Hata hivyo makala yangalizidi uzuri kama yangalisema waziwazi ya kuwa elimu hii ilianzia kwa watu wa kazi za mikono.

Upungufu wa tatu si wa waandishi, bali wa wasimulizi waliokuja baadaye. Makala yana alama ya kuuliza katika kichwa chake. Wasimulizi wameifuta. Huwaambia watoto habari fupi: kijana alisema kweli, walimu walikuwa wajinga, wazungu wakakubali, kwisha. Habari ya namna hii hupendeza, lakini ina hatari. Mtu aliyeisikia hivyo akisoma majaribio ya mwaka 2016 atasema, "Kumbe Mpemba alikosea, na wale waliomcheka walikuwa na haki." Hapana. Hawakuwa na haki ya kumcheka hata kama angalikosea. Uzuri wa Osborne haukutegemea jibu la friji. Alipoahidi kujaribu hakujua bado jibu litakuwa lipi. Tena alidhani litakuwa kinyume. Kama fundi angalirudi na habari ya kuwa maji ya baridi ndiyo yaliyotangulia, ahadi ya Osborne ingalikuwa njema vile vile, na kijana angalifundishwa bila kuaibishwa.

Tena iko hatari nyingine, nayo twaiona vijijini mwetu. Mtu mwenye dawa yake isiyopimwa, au mwenye mbegu azisifuzo kupita kiasi, akiambiwa ya kuwa wataalamu hawakubali, hujibu, "Hata Mpemba walimkataa!" Neno hilo si hoja. Mpemba hakutaka kuaminiwa kwa sababu amekataliwa. Alitwaa vyombo viwili vilivyo sawa, akatia maji sawasawa, akaviweka pamoja mahali pamoja, kisha akawaita wengine wajaribu. Mwenye dawa naye na afanye hivyo hivyo, aweke mbele ya watu hesabu ya waliopona na ya wasiopona. Akikataa kupimwa, hana sehemu katika habari ya Mpemba.

Sasa tuje kwetu. Chukueni mfano wa maharage. Mtoto aliyelelewa katika vijiji vya juu vya Mgeta akishuka mjini kukaa kwa shangazi yake aweza kuona ya kuwa maharage yale yale, katika sufuria ile ile, huiva mjini upesi kuliko nyumbani. Kitabu chake cha shule chasema ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100. Akimwuliza mwalimu, "Je, moto wa mjini ni mkali kuliko wa kwetu?" mwalimu aweza kumcheka, maana kuchemka ni kuchemka. Lakini mtoto ameona kweli. Kitabu kimesema habari za pwani, usawa wa bahari. Kadiri tupandavyo mlimani uzito wa hewa wapungua, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, karibu digrii moja kwa kila mita 300. Mjini Morogoro ni digrii 98 hivi. Nyumba iliyo mita 1,500 juu ya bahari ni digrii 95 hivi. Na juu ya vilele vya Uluguru, vizidivyo mita 2,600, ni pungufu ya 92. Maharage hupikwa na joto, hayapikwi na mapovu. Jambo hili halina ubishi hata kidogo kati ya wataalamu, na mtoto wa Mgeta ana maabara yake tayari katika jiko la mama yake. Amekosa mtu wa kumwuliza tu, "Je, umejaribu mwenyewe?"

Neno jingine ni la lugha. Mpemba aliuliza kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya masomo ya sekondari, na makala yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliiweza. Lakini watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika sekondari hutakiwa kuuliza maswali ya joto na nguvu kwa lugha ambayo wengine hawajui kuombea maji. Ni maswali mangapi yamekufa kinywani mwa mtoto, si kwa sababu hana akili, bali kwa sababu hana neno? Mwalimu hawezi peke yake kuibadili sheria ya nchi. Lakini aweza kusema, "Uliza kwa lugha yo yote, tutatafuta maneno yake pamoja." Hilo halina gharama.

Mpemba alifanya kazi ya wanyama pori mpaka kustaafu, wala hakuwa mtaalamu wa fizikia. Osborne aliiacha maabara, na baadaye akawa balozi wa Uingereza katika Malawi, akafa mwaka 2014. Wengine huona ya kuwa ni hasara kijana yule hakuendelea na fizikia. Sisi hatukubali. Si kila aulizaye vema lazima awe profesa. Nchi yataka mabwana nyama, wakulima na wapishi waulizao vema pia.

Kwa hiyo, wasomaji wetu, tukiyahukumu makala haya twasema hivi. Kama habari ya maji na barafu, ni mwanzo tu wa kazi, nayo yana mipaka tuliyoitaja. Kama kumbukumbu ya mwalimu juu ya mwenzake mwenye akili zisizofuata desturi, hatujasoma yaliyo bora, kwa sababu mwalimu alikubali kumwita mwanafunzi mwenzake, na akampa nafasi ya kusema kwanza. Walimu wenzetu na wayatafute, wayasome na wanafunzi wao kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kisha watwae sufuria mbili zilizo sawa, mbegu za maharage za debe moja, na saa. Sufuria moja ibaki mlimani, ya pili ishuke mjini. Hesabu watakazozipata na waziandike na kututumia, pamoja na majina ya watoto waliopima.